Usiandike Usichokisoma

Leo nina neno na hawa jamaa wa kutuni injini za dizeli. Neno lenyewe si tamu, kwa hivyo kama wewe ni mmoja wao, kunywa maji kwanza.

Sina ugomvi na kutuni. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, nimesomea sayansi ya tarakilishi, na kitu chochote chenye prosesa hunitia hamu ya kujua kilicho ndani. Ugomvi wangu ni na tabia moja tu. Mtu anachomeka laptopu kwenye gari la watu, anafuta programu ya injini, anaandika nyingine, ilhali hakusoma ile iliyokuwemo na wala hana nakala yake. Mwenye gari analipa, anapewa stika ya kubandika kioo cha nyuma, anaenda nyumbani akifurahia nguvu mpya. Programu yake ya asili imeenda wapi? Hakuna ajuaye!

Kwetu sisi waandishi wa programu, mtu akifuta data ya mteja bila kuweka nakala anafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Huku kwenye magari anaitwa mtaalamu.

Kwa wasiojua, kompyuta ya injini ni tarakilishi kamili. Zile za Bosch, zilizo kwenye Volkswagen na magari mengine mengi ya Ulaya, huitwa EDC. EDC15 nyingi zilikuwa na kumbukumbu ya nusu megabaiti tu. EDC16 ikaja na prosesa ya PowerPC ya Motorola, EDC17 ikaja na TriCore ya Infineon. Hilux na Hiace za dizeli nyingi hutumia za Denso. Majina yasikutishe. Ndani mna vitu viwili vikubwa: programu yenyewe, na majedwali ya namba. Majedwali ndiyo huamua dizeli kiasi gani iingie kwenye silinda, saa ngapi, kwa presha gani, na turbo isukume hewa kiasi gani. Kutuni ni kubadilisha namba hizo. Basi.

Na si namba za mchezo. Mfumo wa komon reli ulioingia kwenye gari dogo la Alfa Romeo 156 mwaka 1997 ulikuwa na presha ya hadi bar 1,350. Ya siku hizi inapita 2,000. Tairi la gari lako lina bar 2 na kitu. Sasa fikiria namba moja mbaya inaweza kufanya nini.

Halafu kuna kumbukumbu nyingine ndogo ambayo watu huisahau. Kwenye kompyuta za zamani ni chipu ya peke yake, EEPROM. Kwenye mpya imo ndani ya prosesa. Huko ndiko hukaa siri za ufunguo wa gari, na mara nyingi kodi za injekta. Kila injekta hupimwa kiwandani na kupewa kodi yake, ili kompyuta ijue hii inamwaga zaidi kidogo na ile pungufu kidogo. Data hiyo ni ya gari LAKO. Gari la jirani, hata likiwa la mwaka uleule na rangi ileile, lina nyingine.

Hapo ndipo ujanja wa kwanza unapoanza. Kompyuta nyingi za kisasa zimefungwa kiwandani zisisomwe kupitia soketi iliyo chini ya usukani. Unaweza kuandika ukiwa na funguo, lakini kusoma, hapana. Kwa hiyo vifaa vya kutuni hufanya kitu kinachoitwa usomaji wa kubuni: kinauliza kompyuta "namba ya programu yako ni ipi?", kinapata jibu, kisha kinaenda kuchukua faili lenye namba hiyo kwenye seva ya mbali. Skrini inaonyesha mstari ukijaa asilimia moja hadi mia, fundi anakwambia "nimeshasoma". Hakusoma! Amepakua kitabu chenye jalada kama la chako. Kama mwenye gari wa kwanza kule Japani au Uingereza alikuwa ameshatuni, namba inaweza kubaki ileile na yaliyomo yakawa mengine kabisa. Na ile EEPROM haimo kabisa kwenye faili hilo.

Ujanja wa pili unanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Vifaa vingi huuzwa kwa daraja mbili, bwana na mtumwa. Ndivyo wenyewe wanavyoviita. Kifaa cha mtumwa hutoa faili lililofumbwa, ambalo mwenye kifaa cha bwana peke yake ndiye anaweza kulifungua. Fundi wako wa hapa mjini analituma kwa mtu aliye nchi nyingine, analetewa jingine lililofumbwa vilevile, analiandika ndani ya gari lako. Hajui kimebadilishwa nini. Hawezi kujua hata akitaka. Huyo ni tarishi, si fundi, na bado anakulipisha pesa za fundi.

Sasa tuje kwenye kuandika kwenyewe, maana hapa ndipo magari hufa. Lugha inayotumika kwenye magari ya kisasa ni UDS, kiwango ISO 14229. Kifaa kinaomba kikao cha kuprogramu, kinajibu fumbo la usalama, kinaagiza kumbukumbu ifutwe, kisha kinapakia: ombi namba 34 la kuanza, 36 mara nyingi nyingi kipande baada ya kipande, na 37 la kufunga. Angalia mpangilio huo vizuri. KUFUTA kunatangulia kuandika. Kumbukumbu ya flashi haikubali kuandikwa juu ya maandishi ya zamani. Eneo zima lazima kwanza liwe tupu. Kwa hiyo kuna dakika kadhaa ambapo gari lako halina programu ya injini. Ya zamani imefutwa, mpya haijaisha kuingia.

Umeme ukiyumba dakika hizo? Laptopu ikiamua kulala? Windows ikiamua kujisasisha? Waya wa kifaa feki ukilegea? Umebaki na sanduku la alumini. Na bado nimeona watu wakifanya kazi hii na betri iliyochoka, taa zimewashwa, redio inaimba! Ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, feni na moduli zote zinanyonya betri. Chaja ndogo ya usiku haitoshi, na kuazima umeme kwa gari jingine linalonguruma si suluhisho kwa sababu volti zake hupanda na kushuka. Kinachotakiwa ni chanzo cha umeme tulivu, chenye nguvu ya kushikilia volti 13 na kitu bila kutetereka mpaka kazi iishe.

Mambo yakiharibika katikati, mara nyingi tumaini bado lipo. Ile programu ndogo ya kuwashia hukaa eneo lake lisiloguswa, na itakubali kupakiwa tena. Usizime ufunguo, usitoe betri, rudia kuandika. Lakini utarudia kuandika NINI kama hukuweka nakala ya asili? Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna jambo jingine ambalo faili la kununua mtandaoni haliwezi kujua: unaishi wapi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Ukipanda barabara ya Eldoret, pale Timboroa unapita mita 2,700, na mgandamizo wa hewa unabaki karibu robo tatu ya ule wa Mombasa. Hewa ikiwa nyepesi, turbo lazima izunguke kasi zaidi kufikia presha ileile. Ndiyo maana waliounda injini waliweka kipimo cha hewa na majedwali ya kupunguza presha ya turbo na dizeli gari linapopanda juu. Mtu aliyetuni faili lake nchi tambarare kando ya bahari anaweza kuyapuuza majedwali hayo na asione ubaya wowote. Wewe utauona ukiwa na mzigo huko juu: moshi mweusi, joto la ekzosi likipanda, na turbo ikizunguka kasi ambayo haikuundiwa. Kisha utaambiwa turbo ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Utabisha vipi, na hakuna faili la kulinganisha?

Na huo moshi mweusi ambao wengine huuona fahari, ni dizeli uliyolipia ambayo haikuungua vizuri. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, la vitu ambavyo hakika husababisha saratani kwa binadamu. Kichujio cha masizi, ile DPF, kiliwekwa kwa sababu hiyo. Kikijaa, dawa ni kukisafisha na kutafuta kwa nini kimejaa: injekta inavuja, au gari linaendeshwa kwenye foleni peke yake, halipati safari ndefu ya kuchoma masizi. Lakini tangazo la kawaida ni "tunatoa DPF kwa programu". Mtoto anayesubiri matatu kando ya barabara hakuulizwa.

Najua kuna watakaosema suluhisho ni kufunga kila kitu, ati mtu yeyote asiguse kompyuta za magari. La hasha! Tukumbuke Septemba 2015, Marekani ilipotangaza kwamba Volkswagen iliweka ndani ya kompyuta za dizeli programu inayotambua gari likipimwa na kulifanya litoe moshi safi wakati huo tu. Kampuni ikakiri kwamba magari kama milioni 11 duniani yalihusika. Walioanza kushuku walipima moshi barabarani. Lakini Desemba mwaka huohuo, kwenye mkutano wa wadukuzi jijini Hamburg, Felix Domke alionyesha hila yenyewe ilivyoandikwa, kwa kuwa aliisoma kompyuta ya gari lake mwenyewe. Alisoma tu. Haki ya kusoma tunaihitaji sana, na wanaoandika ovyo ndio wanaowapa viwanda kisingizio cha kutunyang'anya.

Kwa hiyo kazi safi ni ipi? Si siri kubwa:

1. Soma kwanza makosa yaliyo kwenye gari na uyarekebishe. Kutuni injini gonjwa ni kumpa mgonjwa viatu vya mbio.
2. Andika namba ya kompyuta na namba ya programu iliyomo. Faili la namba nyingine haliingii, hata wakikuapia.
3. Weka umeme tulivu, zima kila kisichohitajika, laptopu isilale, masasisho yazimwe.
4. Soma yote, na EEPROM pia, MARA MBILI. Linganisha baiti kwa baiti. Zikitofautiana, au ukiona FF mwanzo hadi mwisho, hukusoma. Kama soketi imefungwa, kompyuta itolewe isomwe mezani. Kama huwezi, mwambie mteja ukweli kabla hajalipa.
5. Tunza nakala sehemu mbili, moja nje ya laptopu yako.
6. Badilisha kidogo, kwa sababu unayoweza kuieleza. Rekebisha cheksamu. Kwenye EDC17 za baadaye kuna hata saini ya kidijitali, na kifaa feki kisichoijua kitakuachia gari lisilowaka.
7. Ukimaliza kuandika, hakikisha kilichoingia ndicho ulichotuma. Kisha ingia barabarani na skana, uone presha iliyoagizwa na presha iliyopatikana kama zinafuatana.
8. Mpe mwenye gari faili la asili na orodha ya ulichobadilisha.

Hiyo ya nane ndiyo inayoleta kelele. Nimeshajibiwa kwamba faili ni siri ya biashara. Siri ya nani? Namba ulizobadilisha wewe ni jasho lako, sikatai, zifiche ukitaka. Lakini faili la asili lilikuja na gari, na mwenye gari ndiye aliyelilipia pamoja na magurudumu na viti. Fundi wa giaboksi akitoa giaboksi yako nzima, anaenda nayo kwake aseme ni siri yake?

Wengine husema mteja hana haja nalo, hata hajui kulifungua. Hana haja nalo leo. Atakuwa na haja nalo siku atakapouza gari, siku kompyuta itakapoingia maji, siku fundi atakapokuwa amehama mtaa na simu yake haipatikani. Flashi diski ya bei ya chakula cha mchana inabeba mamia ya mafaili kama hayo. Hapa tusidanganyane, kinachofichwa mara nyingi si siri. Ni kwamba faili halipo. Halikusomwa.

Wengine tena husema bei itapanda. Ipande! Kusoma vizuri kunachukua muda, na kufungua sanduku kunataka mkono uliotulia. Afadhali watu wachache walipe bei ya kazi, kuliko wengi kulipa nafuu leo na kununua kompyuta nyingine kesho, iliyong'olewa kwenye gari la ajali, isiyoutambua ufunguo wao.

Basi wewe mwenye gari, kabla hujatoa hata shilingi, muulize fundi swali moja tu: nakala ya programu yangu ya asili utanipa leo? Akisema ndiyo na akakuonyesha atakavyoisoma, kaeni mzungumze bei. Akicheka, washa gari lako uende, maana bado linawaka.