Wa miaka mitatu anabaki na nani?

Na Neema Chalo

Dodoma haina mvua ya pili. Ikishaanza Desemba, kila mwenye jembe Hombolo ni wa shambani hadi Aprili, kwa sababu uwele uliokosa palizi haungoji. Katikati ya pilika hizo, Januari, shule nazo zinafunguliwa. Wakubwa wanakwenda darasani, mama anakwenda shamba. Wa miaka mitatu anabaki na nani?

Majibu tunayajua. Anabaki na bibi ambaye mwenyewe anahitaji kuangaliwa. Au analazwa kwenye kivuli pembeni ya shamba, na uji wa asubuhi ndio huohuo hadi jua linapogeuka. Au dada yake wa darasa la tatu anakosa shule ili amshike, kisha mwalimu anauliza kwa nini mahudhurio yameshuka. Hakuna mama anayefanya hivyo kwa kutojali. Anafanya hivyo kwa sababu asipolima, Septemba nyumba haina unga.

Kwenye maandishi nchi yetu haijalala. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitaka mtoto wa kati ya miaka 3 na 5 apate angalau mwaka mmoja wa elimu ya awali. Ada zilipofutwa, kuanzia Januari 2016, wazazi waliitikia kwa wingi hata madarasa yakafurika. Desemba 2021 ikazinduliwa hapa Dodoma programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya 2021/22 hadi 2025/26, inayosema kwamba mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8 anahitaji afya, lishe, malezi yenye mwitikio, kujifunza na ulinzi, vyote kwa pamoja. Naiunga mkono kwa moyo wote.

Ila darasa la awali lina mwalimu anayelipwa na serikali. Mtoto ambaye hajafikia darasa hilo hana mtu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatambua vituo vya kulelea watoto mchana, na serikali inavisajili na kuvikagua, lakini kuvianzisha kwa kiasi kikubwa kumeachiwa watu binafsi, mashirika na taasisi za dini. Mtu binafsi hufungua kituo palipo na wazazi wenye mishahara. Mkulima wa Hombolo Makulu atamlipa nini mwezi wa Februari, wakati ghala limekauka?

Hatukuanza hivi. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 ilipowakusanya watu vijijini, kwa nguvu nyingi na maumivu ambayo wazee bado wanayakumbuka, malezi ya watoto wadogo yalihesabiwa kuwa shughuli ya kijiji kizima. Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT) ulihimiza vituo vya kulelea watoto ili akina mama wapate kufanya kazi. Fikra ile ilikuwa sahihi, na inasikitisha kwamba tuliiacha ife pamoja na mengine ya wakati ule yaliyostahili kufa.

Kenya imeliandika jambo hili kwenye Katiba ya 2010: Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti elimu ya awali na vituo vya malezi. Walimu wao bado wanalalamikia mishahara, na wana haki. Lakini mzazi wa kule anajua mlango wa kugonga.

Kwetu mlango huo uwe Halmashauri ya Jiji la Dodoma. Kila mtaa wa wakulima upate kituo kimoja, kianze na miezi ya Desemba hadi Aprili tu, hata katika ukumbi wa kanisa au chumba cha ofisi ya mtaa. Walezi walipwe kutoka mapato ya ndani ya jiji. Wapo wanaopendekeza vikundi vya wanawake vichukue mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri na kufungua vituo. Sikubaliani nao. Mkopo hurejeshwa, na kituo cha watoto wa wakulima hakitazalisha faida ya kuurejesha.

Chakula kisitushinde. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Hombolo inautafiti mtama na uwele hapahapa, huku utafiti wa kitaifa wa 2022 ukionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Bakuli la uji wa saa nne, lenye karanga ndani yake, linagusa moja kwa moja hesabu hiyo.

Na Chuo cha Serikali za Mitaa kiko Hombolo. Wanaohitimu pale wanakwenda kwenye halmashauri za nchi nzima. Wafundishwe kuandaa bajeti ya kituo cha watoto kama wanavyofundishwa kukusanya ushuru, na mazoezi wayafanye kwenye mitaa inayokizunguka chuo, ambako watoto wenyewe wapo. Bajeti ya halmashauri huanza Julai. Kwenye mkutano wa mtaa unaotangulia maandalizi ya bajeti hiyo, wazazi wasimame waulize kituo kitagharimu shilingi ngapi, na mtendaji awajibu kwa tarakimu.