Mti Uliosafiri Nami

Wiki hii nimepokea barua ya dada mmoja aishiye katika kambi ya polisi kaskazini mwa nchi yetu. Jina lake ninalo, lakini silitaji. Mumewe ni koplo, naye ameteuliwa kuingia katika bendi. Tangu hapo, asema dada huyu, mume amekuwa mgeni nyumbani: siku nne yuko Arua, siku tatu yuko Soroti, na arudipo hana sukari wala sabuni mkononi, bali mche wa mti katika kopo tupu la maziwa, na hadithi ndefu ya ndege aliyemsikia alfajiri. Dada aniuliza: "Je, watu wa muziki husafiri kweli wakitazama miti, au miti hiyo huvaa gauni?"

Nilicheka sana, kisha nikanyamaza, maana swali hilo aliwahi kuniuliza mke wangu, ijapokuwa kwa maneno makali zaidi. Kwa miaka 22, tangu 1986 hadi nilipostaafu mwaka 2008, nilipiga klarineti katika bendi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimaliza juu ya lori. Basi leo sitazungumza habari za mapishi kama nilivyoahidi. Maharage yatangoja.

Kwanza dada afahamu kwamba mpiga muziki asafiriye hapigi muziki sana. Kazi yake kubwa ni kungoja. Hungoja mafuta ya gari, hungoja gurudumu lizibwe, hungoja mvua ikatike, na zaidi ya yote humngoja mgeni wa heshima, ambaye aliambiwa saa nne naye amefika saa nane. Wimbo wenyewe huchukua dakika chache. Saa zinazobaki ndizo zinazomjenga mtu au kumharibu. Wenzangu wengine walizitumia kwa karata, wengine kwa pombe, na wako walioziharibu kwa namna ambayo dada anaihofia, siwezi kuwatetea. Mimi nilikwenda kutazama miti. Msinisifu kwa hilo: tumbo langu halikupatana na pombe, na katika karata niliibiwa kila siku.

Wanajeshi waliohudumu kaskazini katika miaka ya 1990 wanaikumbuka Karuma. Barabara ya Gulu haikuwa salama, na magari yalikusanywa yavuke kwa msafara, chini ya ulinzi. Tulikaa hapo saa nyingi, mto Nile ukinguruma katika mawe chini yetu, na nyani wameketi kando ya barabara mithili ya askari wa zamu, wakitukagua. Siku moja dume mmoja alipanda lorini, akapita juu ya ngoma zetu bila kuzigusa, akachukua mkate wa mpiga tarumbeta, akashuka kwa adabu. Leo pale Karuma pana mtambo wa umeme wa megawati 600, uliozinduliwa mwaka 2024, na maji mengi yaliyokuwa yakishuka kwenye mawe hupitishwa chini ya ardhi. Umeme tunauhitaji. Hata hivyo nafurahi kwamba niliyasikia maji yale nilipokuwa na masikio mazuri.

Msitu wa Budongo, karibu na Masindi, ulinipa aibu. Tulilala jirani na msitu, na kabla ya kupambazuka tulisikia ngurumo iliyotoka mti hadi mti. Mpiga ngoma wetu, mtu wa mjini, alidhani ni pikipiki nyingi zinawashwa kwa pamoja. Walikuwa mbega, nyani wale weupe kwa weusi, ambao kila kundi hunguruma alfajiri kuwajulisha jirani kwamba mahali hapa pana wenyewe. Walipotulia, ndege wakaanza. Nami kwa ujinga wa ujana nikatoa klarineti nikaanza kupiga, nikidhani nitawajibu. Msitu wote ukanyamaza. Nilisubiri kitambo kirefu hadi ndege wa kwanza alipothubutu tena. Tangu siku ile sikupiga tena chombo mahali ambapo wenyeji walikuwa bado wanasema.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 1998 tulikuwa Kabale, mji ulio juu, yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako asubuhi ukungu hulala mabondeni na vidole hukataa kukunjika. Gwaride lilikuwa la mapema. Nilichelewa kuamka, nikatoa klarineti katika kasha, na bila kuipasha moto kwapani kama tulivyofundishwa, nikaanza kupuliza kwa nguvu. Katika wimbo wa pili nikasikia mlio mdogo, kama ukucha unaovunjika. Mbao ilikuwa imepasuka, ufa kutoka juu hadi tundu la tatu.

Sababu yake ni nyepesi. Pumzi ya mtu ni ya moto na ina maji. Ndani ya chombo mbao huvimba, ilhali nje bado ni baridi na haitaki kutanuka; basi hupasuka. Kosa lilikuwa langu, wala sikuwa na wa kumsingizia. Kiongozi wetu wa bendi hakunipigia kelele. Alikishika kipande kile, akakipitisha kidole, akaniuliza: "Wajua mti huu una umri gani?" Sikujua hata kwamba ni mti. Miaka 12 nilikuwa nimebeba kitu cheusi kinachong'aa, nikidhani ni aina ya ebonaiti.

Ni mpingo. Klarineti, zumari za Ulaya ziitwazo oboi, na bomba za Waskoti, zilizo bora hufanywa kwa mti huo, na sehemu kubwa ya mbao hizo hutoka Tanzania na Msumbiji. Ni mbao nzito kiasi kwamba ukiitupa majini huzama. Husafirishwa hadi Ufaransa, Ujerumani na kwingineko, huchongwa, hutobolewa, hutiwa vitufe, kisha hurudi kwetu kama kitu cha kigeni, nasi hukipokea kwa mikono miwili. Mti mmoja huhesabiwa kuhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kukatwa. Nami niliupasua kwa wimbo mmoja na nusu, kwa kuwa nilipenda usingizi.

Fundi aliyeitengeneza aliniagiza unga wa mpingo ili achanganye na gundi aujaze ufa. Nikautafuta kwa mchonga vinyago mmoja mjini Kampala. Alinionyesha gogo lililotoka Tanzania: nje jeupe kama muhogo, ndani jeusi, lenye rangi ya zambarau likiwa limekatwa karibuni. Alinipa unga wa kujaa kiberiti, akakataa fedha. Klarineti ilipona, ingawa katika sauti za chini ilibaki na ukali kidogo, kama mtu aliyewahi kuugua kifua.

Mwaka 2004 tulialikwa Tanzania, tukapita Mutukula, tukazunguka ziwa, hata tukafika nchi kavu baina ya Singida na Dodoma. Lori likaharibika, kama desturi. Mzee mmoja mchunga mbuzi akatukuta, nami nikamwuliza kama katika pori lile pana mpingo. Akanicheka. Nilikuwa nimeuegemea. Jamani, nilitarajia mti wa kifalme! Ulikuwa kichaka kirefu kidogo kuliko nyumba, mashina yamejipinda, miiba imejaa, majani haba kwa sababu ya kiangazi, na matunda yake maganda membamba kama karatasi. Kutoka katika mti wa namna hiyo fundi hupata kipande kifupi tu kilichonyooka kisicho na ufa; mwingi uliobaki huwa taka, au huni. Hatua chache mbele palikuwa na tanuri la mkaa likitoa moshi. Mpingo huwaka kwa moto mkali sana, mzee akaniambia, na wahunzi waupenda.

Nikanyamaza, maana lorini mwetu, chini ya viti, tulikuwa tumepakia magunia matatu ya mkaa tuliyonunua njiani kwa bei nafuu, zawadi kwa wake zetu. Moja lilikuwa langu.

Watu wameanza kuamka. Sheria ya misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kumiliki misitu yao na kubaki na mapato yake, na mwaka 2009 vijiji vya wilaya ya Kilwa vilipata hati ya kimataifa inayothibitisha kwamba mpingo wao huvunwa kwa kiasi. Tangu tarehe 2 Januari 2017, ukoo mzima wa mpingo uliingizwa katika mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Hata wapiga muziki wanaovuka mipaka wakaanza kuhangaika na hati za vyombo vyao, mpaka vyombo vilivyokwisha kutengenezwa vilipoondolewa katika sharti hilo mwishoni mwa mwaka 2019. Wengi walilalamika. Mimi nilifikiri si vibaya mtu aulizwe mpakani mara moja: ulichobeba kilikatwa wapi? Na huku kwetu, mwezi Mei 2023, Rais alipiga marufuku mkaa wa biashara kutoka kaskazini mwa Uganda. Dada uliyeniandikia, unaishi huko huko. Wewe wajua kuliko mimi kama magunia yamekwisha barabarani.

Lakini uliniuliza habari za mume, wala si za mkaa. Nitakujibu kwa kukueleza ganda la chungwa. Katika kiangazi mbao ya klarineti hukauka, na dawa ya wapigaji wa zamani ni kuweka ndani ya kasha ganda bichi la chungwa ili litoe unyevu kidogo. Baada ya mkasa wa Kabale nilimweleza mke wangu jambo hilo mara moja tu. Kuanzia hapo, kila safari nilipofungua kasha, iwe Moroto au Kasese, nilikuta ganda. Mwanamke huyo alikuwa na hasira nami nyakati zile. Mtoto wetu wa pili alipougua surua nilikuwa Mbarara, nikarudi na habari za korongo wenye taji wanaocheza shambani, naye hakunijibu neno kwa siku mbili. Hata hivyo safari iliyofuata ganda lilikuwamo. Kwa hiyo dada, usiutupe mche wa koplo. Mwambie kwanza alete sukari, na mche ufuate. Na arudipo, kabla hajaanza habari za ndege, mwulize jina la dawa anayotumia mtoto. Kama hajui, ndege wangoje.

Kutoka kwa mzee yule wa mbuzi nilichukua maganda kadhaa ya mbegu, nikayafunga katika leso. Niliotesha nne nyuma ya nyumba yetu, huko Lango. Moja ndiyo iliyosalimika na mbuzi. Leo, baada ya miaka zaidi ya 20, shina lake ni nene kama mkono wangu, nao ni mwembamba. Mke wangu amefunga hapo kamba ya kuanikia nguo. Juzi nikamwambia kwa fahari kwamba mti huu utafaa kuchongwa klarineti mnamo mwaka 2080. Akaniuliza kama kufikia hapo nitakuwa nimemtolea nguo zilizokauka.