KONA YA MICHEZO: Goti la Riccardo Calafiori

 

Mwezi huu tunajibu swali ambalo vijana wameniuliza mara nyingi pale kwenye kibanda cha kuangalia mpira. Yule beki wa Kiitaliano mwenye nywele ndefu, aliyeingia Arsenal mwaka 2024, ametokea wapi? Wengine wanadhani alikuwa staa tangu utotoni, timu kubwa ikamchukua, basi. Haikuwa hivyo hata kidogo. Kuna wakati watu walijiuliza kama huyu kijana atacheza mpira tena. Na ninyi akina mama, msiuruke ukurasa huu mkasema ni mambo ya vijana. Habari yenyewe ni ya goti la mtoto wa miaka 16, na watoto wa umri huo tunao wengi, wanarudi nyumbani jioni wakichechemea na hawasemi kitu.

Riccardo Calafiori alizaliwa Roma, mji mkuu wa Italia, tarehe 19 Mei 2002. Akaingia katika timu za watoto za AS Roma akiwa bado mdogo. Kwa mtoto wa Roma hilo si jambo dogo, maana hiyo ndiyo timu ya Francesco Totti na Daniele De Rossi, wote wawili wazaliwa wa mji uleule, waliokuzwa na klabu ileile. Calafiori anatumia mguu wa kushoto, ni mrefu, ana nguvu, basi walimu wakampanga beki wa kushoto. Alipofika miaka 16 tayari alikuwa anacheza na waliomzidi umri, katika ligi ya vijana ya Ulaya.

Sasa sikilizeni. Tarehe 2 Oktoba 2018, vijana wa Roma walikuwa wanacheza na vijana wa Viktoria Plzen, timu ya Jamhuri ya Czech. Calafiori akaingiliwa vibaya, goti la kushoto likaenda. Nikisema likaenda sina maana ya kuteguka kidogo ukapaka dawa ukarudi uwanjani. Ndani ya goti kuna kamba ngumu, yaani ligamenti, zinazoushika mfupa wa paja na mfupa wa mguu visipishane. Zake zilikatika zote. Vile vijimto laini vinavyokaa katikati ya mifupa ili isisagane navyo vikaumia, na mfuko unaolizunguka goti ukachanika. Mchezaji akikatika kamba moja tu ya katikati, tunasema msimu wake umekwisha. Huyu zilikatika zote kwa pigo moja, na miaka 17 alikuwa hajafikisha.

Usiku wa siku hiyohiyo wakubwa wa Roma nao walicheza na wakubwa wa Plzen, wakashinda 5-0. Edin Džeko akafunga mabao 3. Angeweza kuondoka na sifa zake, lakini akaivaa jezi ya yule kijana ili kumtia moyo. Mimi napenda sana kipande hiki. Na Džeko mwenyewe ni mtu wa Sarajevo, alikuwa mtoto wakati mji ule umezingirwa na vita miaka ya 1990. Huenda mtu kama huyo haoni kijana ameanguka akapita tu.

Calafiori akapelekwa Marekani, akafanyiwa upasuaji. Kisha akaanza kazi isiyopigiwa makofi na mtu. Kukunja goti, kulinyoosha, kujifunza kutembea, kuunenepesha tena msuli wa paja uliokonda, kukimbia mbele, halafu kukata kona. Karibu mwaka mzima. Wenzake wanacheza, yeye anahesabu siku.

Hapa nasimama kidogo, maana najua mtu atasema: “Yule alikuwa na daktari Marekani, sisi tuna zahanati na foleni.” Ni kweli, na sitadanganya kwamba ni sawasawa. Lakini kuna mambo hayahitaji Marekani. Mtoto akisema goti limelia “pwa!” na likavimba siku ileile, au linamkwepa akisimama, huyo hachezi tena. Apumzike, mguu uinuliwe, akandwe kwa kitambaa cha maji ya baridi, apelekwe akaonwe na mganga wa zahanati. Asipelekwe kwa mkandaji kuvutwa na kusuguliwa siku hizo za kwanza, hata kama huyo mkandaji ni jirani na anasifika, kwa sababu kuvuta kitu kilichochanika ni kukichana zaidi. Na kocha asimwambie “kaza roho, tuna fainali Jumapili.” Goti lililolegea likichezewa, vile vijimto vya ndani ndivyo vinavyosagika, na hapo kijana wa miaka 20 anapata goti la mzee.

Jambo jingine kwa makocha wetu wa kujitolea. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa 11+. Ni dakika 20 hivi za kukimbia taratibu, kujisawazisha kwa mguu mmoja, kuchuchumaa na kuruka bila kuyaacha magoti yaingie ndani. Hayahitaji vifaa zaidi ya mpira na uwanja. Yalipojaribiwa kwa wasichana wa Norway, majeraha yalipungua. Watoto wetu wanafika uwanjani wamechelewa kwa sababu ya kuchota maji, moja kwa moja wanaanza kugombania mpira. Dakika hizo 20 tuzitafute.

Turudi Roma. Tarehe 1 Agosti 2020, siku ya mwisho ya ligi, kocha Paulo Fonseca alimwanzisha Calafiori katika timu ya wakubwa, ugenini Torino, dhidi ya Juventus waliokuwa wameshatwaa ubingwa. Uwanja ulikuwa mtupu kwa sababu ya korona. Kijana hakuona haya, akapata hata penati kwa timu yake, na Roma ikashinda 3-1. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo akafunga bao lake la kwanza kwa wakubwa, dhidi ya Young Boys ya Uswisi katika Ligi ya Europa. Hapo ukidhani hadithi imekwisha, kijana amefika, unakosea.

Mwaka 2021 alikuja José Mourinho. Mwezi Oktoba Roma ikaenda Norway kucheza na Bodø/Glimt, kocha akawapanga wengi wa benchi, Calafiori akiwemo. Wakapigwa 6-1. Jamani, sita! Sisemi kwamba Mourinho alimwonea, kocha ana haki ya kuchagua watu wake. Lakini baada ya aibu ile baadhi ya wale waliocheza hawakuaminiwa tena, na Januari 2022 Calafiori akatolewa kwa mkopo kwenda Genoa. Kule nako alicheza mechi chache mno, na Genoa ikashuka daraja. Ana miaka 20, goti limepona, lakini timu aliyokulia haimtaki na ile iliyomwazima imeanguka.

Sasa inakuja sehemu ambayo vijana huwa hawaitaki, na kwangu mimi ndiyo yenye utamu. Mwisho wa Agosti 2022 Roma ikamuuza kwa Basel ya Uswisi. Kwa Mwitaliano aliyekulia Roma, kwenda ligi ya Uswisi ni kama kushuka ngazi mbele ya watu. Gazeti la nyumbani halikuandiki tena. Marafiki wanasema umekwisha. Yeye akaenda, na kule akapata kitu ambacho Roma haikumpa: mechi. Mechi nyingi, wiki kwa wiki, goti likazoea kugongwa na akili ikazoea kutoogopa. Msimu ule Basel ilifika nusu fainali ya Ligi ya Conference, wakakutana na timu ya Italia, Fiorentina. Wakashinda 2-1 kulekule Firenze. Marudiano nyumbani wakafungwa 3-1 katika muda wa nyongeza, wakatoka. Lakini Waitaliano walikuwa wamemwona tena mtoto wao.

Agosti 2023 Bologna ikamrudisha Italia. Kocha Thiago Motta alikuwa na wazo lake. Akamtoa pembeni akamweka beki wa kati, na si beki wa kati wa kupiga mbele tu. Alimruhusu kuuchukua mpira, kupanda nao, kuingia kiungo kama vile ni namba 8, huku wenzake wakiziba nyuma. Kwa nini ilifaa? Kwa sababu alikulia beki wa pembeni, miguu yake inajua kukimbia na mpira, na urefu anao wa kupambana hewani. Tunao vijana hapa ambao kocha akiwahamisha namba wananuna wiki nzima. “Mimi namba yangu ni 9.” Haya. Calafiori alikubali kuanza upya katika namba nyingine akiwa na miaka 21, na hiyo ndiyo iliyomtajirisha.

Bologna ilimaliza ya tano msimu wa 2023/24 ikapata nafasi ya Ligi ya Mabingwa. Mashindano hayo makubwa ya Ulaya ilikuwa haijayaona tangu msimu wa 1964/65. Babu wa Bologna alisubiri miaka 60! Tarehe 20 Mei 2024 wakacheza na Juventus, Calafiori akafunga mabao 2, ya kwanza kwake katika ligi kuu ya Italia. Bologna waliongoza 3-0, halafu Juventus wakarudisha yote matatu katika dakika za mwishomwisho. Kwa hiyo hata siku yake kubwa haikumalizika kwa shangwe kamili.

Mwezi uliofuata kulikuwa na Kombe la Ulaya nchini Ujerumani. Kocha wa Italia, Luciano Spalletti, alikuwa amepungukiwa mabeki. Francesco Acerbi alikuwa majeruhi, na kijana Giorgio Scalvini alikuwa amekatika ligamenti ya goti tarehe 2 Juni. Calafiori alivaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Juni dhidi ya Uturuki, na siku 11 baadaye akaanza mechi ya kwanza ya mashindano. Mnaona mambo ya dunia? Goti la mwenzake limekatika, yeye aliyewahi kukatika ndiye yupo uwanjani.

Tarehe 20 Juni wakacheza na Hispania. Dakika ya 55 Nico Williams akapiga krosi kutoka kushoto, kipa Donnarumma akaugusa mpira kwa vidole, ukamgonga Calafiori gotini na kuingia wavuni. Amejifunga. Goti tena! Italia ikalala 1-0. Beki wa miaka 22, mechi yake ya nne ya taifa, nchi nzima inamtazama.

Siku nne baadaye, Leipzig, Italia na Croatia. Italia ilihitaji angalau sare. Luka Modrić alikosa penati, na muda si mrefu akafunga bao kweli. Saa ikaenda, dakika 90 zikaisha, mwamuzi akaongeza 8. Katika dakika ya mwisho kabisa Calafiori, beki, akauchukua mpira katikati ya uwanja akapanda nao mwenyewe. Wacroatia wakarudi nyuma wakimngoja apige. Hakupiga. Alisubiri hadi wamemsogelea, kisha akausukuma kushoto kwa Mattia Zaccagni, naye akaukunja kwenye kona ya juu. 1-1, Italia imepita. Kijana akalia machozi pale uwanjani.

Nayo haikuwa bila gharama. Alikuwa amepata kadi ya njano ya pili katika mashindano, akakosa mechi iliyofuata. Italia bila yeye ikafungwa 2-0 na Uswisi, nchi ileile iliyomlea alipokuwa hana pa kwenda.

Mwisho wa Julai 2024 Arsenal ikamnunua, magazeti yakataja bei ya kama pauni milioni 42 pamoja na nyongeza. Basel nao, kwa kuwa walipomuuza Bologna waliandika mkataba wa kupata sehemu akiuzwa tena, walichukua fungu lao. Septemba 22 akaanza mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini kwa Manchester City. Timu yake ikiwa nyuma bao 1, akapokea pasi nje ya boksi akaipinda kwa mguu wa kushoto, kipa akabaki kuangalia. Iliisha 2-2.

Majeraha hayajamwacha moja kwa moja. Msimu ule wa kwanza Uingereza alitoka uwanjani zaidi ya mara moja akiwa anashika goti, ikiwemo Machi 2025 akiichezea Italia na Ujerumani. Kila mara alipumzishwa, akafanya mazoezi yake, akarudi. Na tarehe 17 Agosti 2025, siku Arsenal walipoanza msimu mpya Old Trafford, kona ilipigwa dakika ya 13, Calafiori akaruka karibu na mstari akaunganisha kwa kichwa. Manchester United 0, Arsenal 1. Ndilo bao lile mlilolipigia kelele hadi mama wa kibanda cha jirani akaja kuuliza kama kuna moto.

Makocha wanaotaka kuonyeshwa yale mazoezi ya 11+ waandike jina la timu kwenye karatasi na kulitumbukiza katika sanduku la jarida, kabla ya tarehe 20.