Damu ya Mnyama wa Kazi

Twapenda kusema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Walakini mara nyingi mateke hutoka kwetu. Hapa Tosamaganga punda hutuchukulia maji na magunia ya mahindi mwaka mzima. Siku anaposimama njiani twamwita mvivu, nasi twatwaa fimbo. Pengine si uvivu, ni upungufu wa damu.

Damu ya punda na farasi ina maadui wawili hasa. Wa kwanza huletwa na mbung'o, akaaye katika mapori ya joto. Akiuma, huacha damuni vijidudu viitwavyo tripanosoma, ambavyo daktari David Bruce aliviona kwa hadubini huko Zululand katika miaka ya 1894 na 1895. Ni kwa sababu ya maradhi hayo misafara ya zamani ilitegemea mabega ya wapagazi, maana farasi hakuishi katika nchi ya mbung'o. Punda hustahimili zaidi. Hukonda polepole, hata mwenyewe asitambue. Baridi ya kwetu haimpendezi mbung'o, lakini mnyama anayeshushwa hadi mapori ya Ruaha aweza kurudi na ugonjwa.

Adui wa pili huletwa na kupe. Vijidudu vyake, babesia na theileria, huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua.

Basi yatupasa kufanyaje? Kila asubuhi, kabla ya kumtwika mzigo, tumfunue mdomo tutazame ufizi. Ufizi wa mnyama mzima ni mwekundu hafifu na wenye unyevu. Ukiwa mweupe, damu imepungua. Ukiwa wa manjano, huenda chembe zinapasuka. Tutazame pia kama tumbo au miguu imevimba, na kama mkojo umekuwa mwekundu. Joto la farasi mzima huwa kati ya 37.5 na 38.5.

Tukiona dalili hizo, tumpumzishe kivulini, tumpe maji na majani, kisha tumwite mganga wa mifugo achukue damu ipimwe. Iringa iko maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Vijidudu pengine hujificha. Kwa hiyo kipimo kimoja kisipoonyesha kitu, kirudiwe.

Tusimchome dawa ya ng'ombe kwa kukisia. Diminazini ikizidi kipimo yaweza kumwua punda au farasi. Wala sindano moja isitumike kwa wanyama wawili, maana hubeba damu ya huyu kwa yule. Jioni tumtoe kupe masikioni, chini ya mkia na katikati ya mapaja.

Punda mmoja akifa, mama na watoto ndio watakaojitwika ndoo zake. Kesho alfajiri, basi, tuanze na ufizi, ndipo tufunge mzigo.