Baba Mdogo, Weka Nyundo Chini!

Wiki hii nakupeleka kwetu Pasiansi, kwa bibi yangu, ambako nusura nyumba ivunjwe.

Nyumba yenyewe ni ya kale: matofali mabichi, kuta nene, zamani paa la nyasi. Baba mdogo alipopata vijisenti akaziondoa nyasi, akapiga bati bila dari. Tukatamba mtaa mzima. Kumbe tulijipalia makaa! Saa nane mchana ndani ni tanuri, bibi anashinda chini ya mwembe. Baba mdogo akatoa hukumu: "Udongo umepitwa na wakati. Tunavunja, tunajenga ya bloku." Nami, kijana wa mjini, nikamuunga mkono. Nilikuwa naona haya kumleta laazizi wangu kwenye nyumba ya udongo.

Jumapili moja nikamtoa laazizi matembezi hadi Kisesa, Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora. Jua la utosi. Tukaingia kwenye msonge ulioezekwa nyasi. Jamani, ubaridi! Mtoto akaniuliza: "Hawa hawakuwa na feni wala umeme. Walikuwa na nini tulichokosa sisi?"

"Nyasi," nikajibu kwa utani. Kumbe nimegonga palepale!

Fundi mmoja mzee wa mtaani ndiye aliyenifungua macho. Ukuta mnene wa udongo hunywa joto polepole, hivyo mchana hauna kosa. Mchawi ni bati: likipigwa jua linawaka haraka, na bila dari joto lote linakushukia kichwani. "Jenga bloku chini ya bati hilohilo," akasema, "umehamia tanuri jipya, tena la bei mbaya."

Basi tukaanza kazi. Tukaweka dari ya matete na mikeka, mbali na nyaya za umeme. Juu ya kuta tukaacha matundu ili hewa ya moto itoke, tukayafunika kwa wavu, maana malaria haina mchezo. Bati tukalipaka rangi nyeupe ili lirudishe jua. Nyufa tukaziba kwa udongo na mchanga, si kwa saruji. Saruji haishikani vizuri na udongo, inafungia unyevu ndani, halafu siku moja inabanduka na kipande cha ukuta. Bibi naye anafungua madirisha alfajiri, anayafunga jua likikolea.

Sikudanganyi, haijawa friji. Lakini juzi baba mdogo alikuja na futi kupima kiwanja, roho mkononi. Bibi akamkaribisha ndani, akampa uji. Saa nane ileile, mzee mzima anakoroma kwenye kiti, futi imemwangukia miguuni!

Bibi akanikonyeza: "Mume wangu, usimwamshe. Na huyo mke mwenzangu utamleta lini?"

Nitamleta Jumapili. Tukutane wiki ijayo!