Mdudu Huyu Amekukosea Nini?



Sisi wakulima tuna desturi moja. Tukimwona mdudu, tunamkanyaga. Hatuulizi jina lake. Hatuulizi anakula nini. Akiwa mweusi au mwekundu, akiwa na miguu 6 au 8 au asiwe na mguu hata mmoja, hukumu ni moja tu: auawe.

Siku hizi desturi hii imeongezewa nguvu. Dawa za kuua wadudu zinauzwa mpaka katika maduka ya vijijini. Mtu ananunua chupa ya dawa, anaichanganya na maji, anabeba bomba mgongoni, anapulizia shamba zima. Kesho yake wadudu wamelala chini, wamekufa. Anafurahi.

Maoni yangu ni kwamba mkulima huyo amefurahi mapema mno. Kati ya wale waliolala chini wamo adui zake. Lakini wamo pia vibarua wake na walinzi wake. Amewaua wote pamoja, tena kwa fedha yake mwenyewe.

Sisemi kwamba wadudu wote ni wema. Mbu hutuletea malaria. Mbung'o huleta ugonjwa wa malale. Kupe huua ng'ombe. Viwavijeshi vamizi, ambao walionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, hula mahindi yetu. Hao ni adui, na lazima tupigane nao. Lakini askari mwenye akili hapigi risasi kijiji kizima kwa sababu ya mwizi mmoja. Kwanza humtafuta mwizi.

VIBARUA WASIODAI MSHAHARA

Tutazame boga. Mmea wa boga una maua ya aina mbili, dume na jike. Ua jike utalitambua kwa kiboga kidogo kilicho nyuma yake. Ili kiboga hicho kikue, unga wa ua dume lazima ufike kwenye ua jike. Unga huo huitwa chavua. Chavua ya boga ni nzito, tena inanata. Upepo hauwezi kuibeba. Anayeibeba ni mdudu, hasa nyuki. Ua lenyewe hufunguka asubuhi na kufunga kabla ya jua kuwa kali. Nyuki asipofika asubuhi hiyo, bahati imepita. Kiboga hugeuka rangi ya njano, kisha huanguka.

Mahindi na mpunga havina shida hiyo, maana chavua yake hubebwa na upepo au huanguka yenyewe. Lakini matikiti, matango, alizeti, maembe na korosho hupata faida kubwa kwa kazi ya wadudu. Katika kila aina 4 za mazao ya chakula yanayolimwa sana duniani, aina 3 hutegemea viumbe wanaobeba chavua, japo kwa sehemu. Wengi wa viumbe hao ni wadudu.

Kazi hii si ya nyuki peke yake. Vipepeo huifanya. Nzi pia huifanya. Wanaolima kakao huko Kyela wanapata mazao kwa msaada wa vijinzi vidogo sana, ambavyo huzaliana katika majani yanayooza chini ya miti. Mtu akifagia majani yote ili shamba lionekane safi, amefagia na wasaidizi wake.

Sasa tutazame chini. Nyungunyungu hana macho wala miguu. Lakini hutoboa udongo usiku na mchana. Katika matundu yake hupita maji na hewa. Hula majani yaliyooza, na choo chake ni mbolea. Mchwa naye tunamlaumu kwa kula nguzo za nyumba, na kweli hula. Lakini huko porini ndiye anayekula miti mikavu na kuirudisha kuwa udongo.

Yupo pia dundu mweusi anayeviringisha mavi ya ng'ombe. Watoto humcheka. Lakini habari za Australia zinatufundisha thamani yake. Waingereza walipofika huko mwaka 1788 walipeleka ng'ombe. Kabla ya hapo nchi ile haikuwa na ng'ombe. Madundu wa kule walizoea mavi ya kangaruu, wengi wao hawakuweza kazi ya mavi ya ng'ombe. Basi mavi yakabaki malishoni, yakaziba majani, na nzi wakazaliana humo kwa wingi. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wa Australia walichukua madundu kutoka nchi nyingine, zikiwamo za Afrika, wakawapeleka kwao kufanya usafi. Dundu tunayemkanyaga sisi, wenzetu walimsafirisha kuvuka bahari.

WALINZI WA SHAMBA

Kundi la tatu ni walinzi. Hawa hula wadudu wenzao. Buibui hutega nyavu. Vunjajungu hukaa kimya juu ya jani, akingoja kiwavi. Kereng'ende hukamata mbu hewani, na watoto wake wanaoishi majini hula viluwiluwi vya mbu. Dundu mdogo mwekundu mwenye madoa meusi hula vidukari, wale wanaofyonza maji ya kunde na mboga.

Watu wa pwani wanawajua majimoto, wale siafu wekundu wa mitini wanaoshona majani kuwa nyumba. Huuma sana. Kwa hiyo wakwezi wengi huwachukia. Lakini mnazi wenye majimoto una ulinzi. Yupo mdudu anayefyonza nazi changa mpaka zikaanguka, na majimoto humfukuza. Katika mikorosho pia huwafukuza wadudu wanaofyonza machipukizi. Wakulima wengine hufunga kamba kutoka mti hadi mti, ili majimoto wapite na kulinda miti mingi zaidi.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni wa muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliingia Afrika mdudu mdogo mwenye unga mweupe mwilini. Alitoka Amerika ya Kusini. Alionekana kwanza sehemu za Kongo, kisha akaenea nchi nyingi. Alifyonza ncha za muhogo mpaka majani yakajikunja na mizizi ikawa midogo. Muhogo ni chakula cha mamilioni ya watu. Njaa ilikuwa mlangoni.

Kwa nini mdudu huyo hakuleta balaa kama hilo kwao? Kwa sababu kwao alikuwa na adui, na adui huyo hakuja naye. Wataalamu walikwenda kumtafuta. Wakampata Paraguay: nyigu mdogo kuliko mbu, asiyeuma watu. Nyigu huyu hutaga yai ndani ya mwili wa mdudu wa muhogo. Yai huanguliwa, na mtoto wa nyigu humla mdudu yule kutoka ndani. Mwaka 1981 nyigu hao waliachiliwa Nigeria, na baadaye katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Muhogo ukapona. Bwana Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mkulima hakununua nyigu hata mmoja. Waliruka wenyewe mpaka shambani kwake.

DAWA HAICHAGUI

Katika kazi hiyo ya muhogo wataalamu walifanya jaribio. Sehemu moja ya shamba walipiga dawa inayoua nyigu. Sehemu nyingine hawakupiga. Je, ni wapi wadudu wa muhogo walikuwa wengi? Walikuwa wengi pale palipopigwa dawa. Mlinzi alikuwa amekufa.

Jambo hili si muujiza. Vidukari huzaana upesi sana. Wanaowala huzaana polepole. Ukipiga dawa, wote hufa. Lakini vidukari wachache waliojificha chini ya majani hubaki. Baada ya siku chache wamejaa tena, na safari hii hakuna wa kuwala. Basi unanunua chupa ya pili. Tena wale waliosalia ndio ambao dawa haikuwaweza. Watoto wao hurithi nguvu hiyo. Mwishowe dawa inakuwa kama maji, na fedha imekwisha.

Kuna hasara nyingine, na hii inaleta ugomvi kati ya majirani. Nyuki hawajui mpaka wa shamba. Mzinga uko kwa jirani yako, lakini nyuki wake wanakula kwenye maua yako. Ukipiga dawa asubuhi wakati maua yamefunguka, unaua mali ya mwenzako. Yeye anakosa asali na nta. Wewe unakosa maboga. Mwenye duka la dawa peke yake ndiye aliyepata faida.

Najua wapo watakaosema, "Mwandishi huyu ana shibe. Mwenye njaa hawezi kungoja buibui amwokoe." Hoja hiyo ina haki yake. Mahindi yakivamiwa, huwezi kukaa ukitazama. Lakini mimi sisemi tusitumie dawa kabisa. Nasema dawa iwe ya mwisho, isiwe ya kwanza. Na mwenye njaa ndiye hasa asiyeweza kununua dawa mara tatu kwa kazi iliyokuwa ikifanywa bure.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tazama kabla ya kuua. Pita shambani mara mbili kwa juma. Geuza majani. Mdudu anayekula jani, mjue. Mdudu anayekula mdudu mwenzake, mwache. Mayai na viwavi wakiwa wachache, waponde kwa mkono. Usipomtambua mdudu, mchukue katika kopo umpelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba.

Pili, ukilazimika kutumia dawa, isome. Wewe sasa unajua kusoma, na elimu hiyo ina kazi hapa. Soma dawa ni ya mdudu gani, kipimo chake, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Usinunue dawa iliyomiminwa katika chupa isiyo na maandishi. Piga jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Usipige juu ya maua. Mwambie jirani mwenye mizinga mapema. Wala usioshe bomba mtoni, maana sumu huua viumbe wa majini na hudhuru watu wanaochota maji.

Tatu, waachie wadudu makao. Nyuki wengi wa porini huishi ardhini na katika miti mikavu. Acha ukanda wa majani na maua kando ya shamba. Usichome moto shamba wala pori. Moto wa saa moja huua walinzi wa mwaka mzima. Funika udongo kwa mabua na majani, nyungunyungu wapate chakula.

Nne, tuvune asali bila kuua nyuki. Tumia moshi, si ndimi za moto. Waachie nyuki masega ya kula. Tengeneza mizinga ya mbao, maana mti uliobanduliwa gome lote kuzunguka shina kwa ajili ya mzinga hufa, na maua yake hufa nao.

Tano, msitu ukae. Huko Gede, pwani ya Kenya, mwaka 1993 ulianza mradi uitwao Kipepeo. Wanakijiji wanaokaa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke walifundishwa kufuga vipepeo na kuuza pupa wake nchi za nje, kwa watu wanaoonyesha vipepeo hai. Bila msitu hakuna vipepeo, na bila vipepeo hakuna fedha. Hivyo msitu uliosimama ukawa shamba lao. Hata wenzetu wa Bukoba wanaokula senene wanajua kwamba mdudu ni mali.

Haya mambo matano mtu mmoja hawezi kuyatimiza peke yake. Nikiacha kupiga dawa asubuhi na jirani yangu akapiga, nyuki watakufa tu. Kwa hiyo napendekeza jambo hili lipelekwe katika mkutano wa kijiji. Tukubaliane saa za kupiga dawa. Tukubaliane mahali pa kuacha pori. Wenye mizinga na wenye mashamba wakae pamoja wasemezane, kabla hawajafikishana kwenye baraza.

Wazee walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nyuki ni mkunga wa maboga yetu. Nyungunyungu ni mkunga wa udongo wetu. Bado tunalima, bado tunakula. Basi kesho ukimwona mdudu njiani, kabla hujainua mguu, uliza: huyu amenikosea nini?

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini kiboga kidogo hugeuka njano na kuanguka?
2. Kwa nini wadudu wa muhogo waliongezeka pale palipopigwa dawa?
3. Tajeni wadudu 5 wa kijijini kwenu. Yupi ni adui, yupi ni kibarua, yupi ni mlinzi?
4. Mwandishi anataka kijiji kikubaliane saa za kupiga dawa. Je, mnakubaliana naye? Toeni sababu zenu.