Kerezo la Nyumbani: Mbao Kavu Kwanza, Mota Baadaye

Kukereza mti ni ustadi wa kale katika pwani ya Afrika Mashariki. Matendegu ya vitanda vya Lamu na Unguja, yenye mafundo na viuno vilivyolingana, yalikerezwa muda mrefu kabla nyaya za umeme hazijafika huko. Kamba iliyozongwa kwenye mti na kuvutwa huku na huku yatosha kuuzungusha. Patasi hufanya kazi iliyobaki. Nayataja haya kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania, toleo la 2023, imeingiza mkondo wa amali katika shule za sekondari, na ni rahisi kudhani kwamba karakana isiyo na mota si karakana. Mimi naona kinyume chake: atakaye kutengeneza samani, nyumbani au shuleni, atafute kwanza mbao kavu.

Nilijifunza hayo kwa hasara. Masika moja nilitengeneza nyumbani stuli nne za mkaratusi ulioangushwa wiki chache tu zilizotangulia. Mashine ilikuwa nzuri, ya umeme. Miguu ikatoka laini hata majirani wakaja kuipapasa. Kufika kiangazi, vijiti vilivyounganisha miguu vikaanza kucheza katika matundu yake, na stuli moja ikamwangusha mgeni. Gundi sikuifanyia ubahili. Kosa lilikuwa maji.

Mti mbichi una maji ndani ya mirija yake, na mengine yameshikamana na kuta za seli. Yale ya kwanza yakitoka, umbo halibadiliki. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, kuta zenyewe huanza kupoteza maji, na hapo ndipo mti husinyaa. Wala hausinyai sawasawa. Kwa urefu husinyaa kidogo mno. Kwa kufuata mzingo wa pete za ukuaji husinyaa takriban maradufu ya vile unavyosinyaa kutoka kiini kuelekea gome. Tuseme mguu wenye kipenyo cha milimita 50 umesinyaa asilimia 8 upande mmoja na asilimia 4 upande wa pili: utabaki na milimita 46 kwa 48. Duara limekuwa yai, na ulimi wa namna hiyo hauwezi kulijaza tundu lake.

Huenda msomaji akasema kwamba mti mbichi ndio mwepesi kukereza. Ni kweli. Katika vilima vya Chiltern, Uingereza, mafundi wa miguu ya viti walikereza mti mbichi humohumo msituni kwa kerezo la kanyagio: ufito unaonesa juu, na kamba itokayo kwenye ufito, ikauzunguka mti, ikashuka hadi kwenye ubao wa mguu. Ukikanyaga, mti huzunguka na patasi hula. Ukiachia, ufito huurudisha nyuma. Lakini miguu hiyo iliachwa ikauke kabla ya kuunganishwa. Fundi mjuzi hukausha vijiti zaidi kuliko miguu, ili tundu lisinyae juu ya ulimi, si ulimi usinyae ndani ya tundu.

Mwanafunzi anaweza kuyathibitisha haya kwa mizani ya maabara. Kipande kilichokuwa na gramu 260, kikikaushwa kabisa katika oveni na kubaki gramu 200, kilikuwa na gramu 60 za maji, yaani asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Mbao zilizopangwa kivulini, zikiachiwa nafasi ya hewa, zipimwe kila wiki mpaka uzito ukome kupungua.

Faida ya mota ni kasi, nayo kasi ina hatari yake. Mguu wa milimita 60 ukizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake hupita mbele ya patasi mita 188 kila dakika. Kibao cha kukalia cha milimita 300, kwa mizunguko ileile, hupita mita 942. Kikiwa na ufa, kinaweza kupasuka na kuruka usoni. Kwenye kanyagio mtu huinua mguu tu.

Fedha zikitosha kitu kimoja, ningenunua mizani. Stuli zangu zingali nyumbani: tatu zimefungwa waya, na ya nne hapewi mgeni.